Maswali ya wiki: "Malaika" na ng'ombe wa mahari

Shikamoo mzee. Kamati yetu ya harusi hapa Uyole imepanga maharusi waingie ukumbini na wimbo wa "Malaika". Shangazi anapinga. Nani kakosea? (Katibu wa kamati)

Marahaba. Shangazi yuko sahihi, mwongezeeni soda. Sikilizeni kile kitenzi: "ningekuoa". Hiyo -nge- maana yake sijakuoa, na dalili za kukuoa sizioni. Kijana anampenda binti ila mali hana, na pesa zinamsumbua roho. Kwa Wanyakyusa, waliozoea kuhesabu mahari kwa ng'ombe, huyo ni kijana ambaye mshenga wake karudi mikono mitupu. Niliwahi kuyaona haya katika ukumbi mmoja hapa Mbeya: bwana harusi kamaliza kila kitu, keki inakatwa, na mwimbaji kafumba macho analia kwamba angeoa kama angekuwa nacho. Baba mkwe akamgeukia mshenga, akauliza kwa sauti: "Kwani kuna ng'ombe alibaki?"

Upigeni watu wakiwa wanakula.

Nimeambiwa huu ni wimbo wa asili, hauna mwenyewe. Kweli? (Makambako)

Wenyewe wapo, tatizo ni wengi. Fadhili William wa Kenya aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina lake ndilo linaloandikwa mara nyingi. Adam Salim, Mtanzania, alidai aliutunga Nairobi mwaka 1945 kwa ajili ya binti ambaye wazazi walimwoza kwa tajiri. Mkenya Grant Charo naye akasema ni wake. Kisa cha Salim ndicho kinachonigusa, kwa kuwa kinaoana na maneno yenyewe, ingawa kisa kitamu si hati ya umiliki. Kisha Miriam Makeba wa Afrika Kusini na Harry Belafonte wa Marekani wakauimba kwenye albamu yao ya 1965, ikashinda tuzo ya muziki ya Grammy ya 1966 katika kundi la muziki wa asili. Usishangae watu kudhani umeokotwa kijijini.

Ni "nakuwaza kidege" au "hukuwaza kidege"? Tumebishana hadi chai ikapoa. (Mafinga)

Kwa baridi ya huko, chai haihitaji ubishi mrefu. Zote mbili huimbwa. Uhondo uko kwenye "hukuwaza". Ukiichukulia hu- ya mazoea, kijana anasema humuwaza kidege wake kila mara. Ukiichukulia ya kukanusha, anamlaumu: wewe hukuwaza! Mapenzi na lawama ndani ya neno moja. Mimi nashika ya mazoea, kwa sababu aliyebaki anawaza ni yeye.

Kwaya yetu inaweza kuurekodi bila kuomba ruhusa? (Tukuyu)

Hapana. Sheria yetu inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Fadhili William alifariki 2001. Anzieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Toleo lipi bora? (Iringa mjini)

Makeba, bila kusita. La Angélique Kidjo wa Benin la 1991 linafuata. La kundi la Boney M la 1981 ni la kuchezea. Nililinunua kwenye kaseti pale Mwanjelwa, redio ikaimeza siku ya tatu. Nilikaa jioni nzima nairudisha kanda kwa kalamu, na tangu hapo kila ikifika kwenye "kidege" sauti inavutika kama mtu anayesinzia.