Muulize Mwalimu wa Maji: "Nina miaka 26, bado nawahi?"

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Shela, Lamu, umri wangu miaka 26, baharia katika mashua ya kutembeza wageni. Kuogelea nimekujua kabla ya kujua kusoma. Mwezi wa Novemba, kwenye sherehe za utamaduni, vijana wa mtaani kwetu hawanipati majini. Sasa juzi mgeni mmoja, mama mtu mzima, alinialika tushindane kwenye bwawa la hoteli. Tukaenda na kurudi mara mbili, akaniacha mbali, nami nikatoka nikihema. Badala ya kuona haya nimeshikwa na hamu. Nataka kuanza mazoezi ya kweli. Nikijitolea, naweza kufika ngazi ya kimataifa, hata Olimpiki? Wenzangu gatini wananicheka. — Baharia, Shela

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Nakujibu kutoka Malindi, na mtaa wangu nao unaitwa Shella, kwa hiyo tuseme sisi ni majirani.

Huyo mama hakukushinda kwa nguvu. Sijakuona ukiogelea, ila nimewafunza vijana wengi wa mwambao huu kazi ya uokoaji hotelini, na karibu wote huja na mtindo mmoja: kichwa juu, macho mbele, mikono inapiga maji kwa hasira. Bahari ndiyo iliyowafunza hivyo. Lazima uone wimbi, uone chombo kinachokuja, uone nahodha anakuashiria nini. Lakini kichwa kikiinuka, kiuno na miguu hushuka. Baharini huwezi kulihisi sana jambo hilo kwa sababu maji ya chumvi yanakubeba. Bwawani hayakubebi vile, miguu inazama, nawe unabaki kuyasukuma maji kwa kifua. Na maji si upepo: ni mazito kuliko hewa mara mia nane hivi, na ukitaka kwenda kwa kasi maradufu, ukinzani wake unapanda mara nne. Ndiyo maana kijana mwenye mabega kama yako anachoka, na mama aliyelala sawasawa juu ya maji anapita akitoa pumzi taratibu.

Sasa hilo swali la Olimpiki. Sitakudanganya.

Mwaka 2000, huko Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 mtindo huru peke yake, kwa sababu wenzake wawili katika mchujo ule waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu nyuma, akifanya mazoezi katika kibwawa cha hoteli, na bwawa la mita 50 hakuwahi kuliona kabla ya kufika kule. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Dunia ilicheka, kisha ikampigia makofi. Wengi husimulia hadithi yake mpaka hapo tu, na mimi huona wanaacha sehemu yenye faida. Moussambani hakuacha mazoezi. Kufikia 2004 alikuwa ameshuka chini ya sekunde 57. Mtu mzima, kwa miaka minne, kapunguza karibu dakika nzima!

Lakini tazama na upande wa pili. Rekodi ya dunia ya mita 100, aliyoiweka Pan Zhanle wa China mjini Paris mwaka 2024, ni sekunde 46.40. Kutoka 57 hadi hapo ni sekunde kumi na kitu, na hizo kumi ni ngumu kuliko ile dakika ya kwanza. Mwanzoni unaondoa makosa, na makosa ya mtu mzima ni mengi, basi kila mwezi unaona faida. Yakishaisha, unabaki na yale mambo ambayo mwenzako aliyapata akiwa na miaka saba: kifundo cha mguu kinachonyooka chenyewe, bega lililo jepesi, na mkono unaojua wapi maji yameshikika bila kufikiri. Mtu mzima hupata sehemu ya hayo. Yote, sijaona.

Utaambiwa habari za Ed Moses wa Marekani, aliyechelewa kuanza mazoezi ya mwaka mzima hadi alipokaribia kumaliza sekondari, kisha akapata medali ya fedha ya mita 100 mtindo wa kifua hapohapo Sydney. Ni kweli, na ndiye mfano ninaoupenda. Ila alianza akiwa na miaka 17 hivi, si 26, na utotoni alikuwa akishindana mabwawani wakati wa likizo za kiangazi. Wa kwetu, Jason Dunford, aliyefika fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo Beijing 2008 akawa wa tano, na miaka miwili baadaye akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi, ni mtu wa bwawani tangu mdogo.

Ipo njia nyingine ya Olimpiki: nchi isiyo na waogeleaji waliofikia viwango hupewa nafasi ya kupeleka wachache. Lakini Kenya ina vijana wa Nairobi na Mombasa waliokulia kwenye mabwawa, na nafasi ikipatikana wao wako mbele yako kwenye foleni. Ukienda ukiwa na ndoto hiyo peke yake utarudi Shela na chuki.

Basi utafika wapi? Kwa maoni yangu, mtu wa miaka 26 mwenye pafu la bahari, akifunzwa vizuri kwa miaka minne au mitano, anaweza kushindana ngazi ya taifa bila kuaibika. Usidanganyike kwamba mbio ndefu za baharini ni kimbilio la wasio na kasi. Kilomita 10 ziliingia Olimpiki mwaka 2008, na wanaume bora huzimaliza chini ya saa mbili. Florian Wellbrock wa Ujerumani, aliyeshinda Tokyo, michezo iliyochezwa mwaka 2021, siku chache kabla alikuwa amechukua shaba ya mita 1500 bwawani. Hata hivyo hapo ndipo ujuzi wako una thamani. Kusoma mkondo, kujua wimbi litakupiga ubavu upi, kutotishika ukipigwa kiwiko cha uso, hayo mtoto wa bwawani hulipia kuyajifunza. Ukipata mbio za kilomita 3 au 5, jiandikishe.

Anza hivi. Mwone meneja wa hoteli ileile, umwombe bwawa la alfajiri kabla wageni hawajaamka, nawe umlipe kwa kuwafunza kuogelea watoto wa wafanyakazi. Miezi mitatu ya kwanza usishindane na mtu. Tazama chini, si mbele; pumzi itoke puani na mdomoni wakati uso umo majini, ili ukigeuza kichwa iwe ni kuvuta tu. Hesabu mikono unayopiga kwa mita 25. Nadhani utakuta 25 au zaidi. Waogeleaji wazuri wako karibu na 15. Ukishuka hadi 18 bila kuongeza muda, niandikie tena. Umbali uongeze pole pole, maana bega la mtu mzima likiwaka halizimiki upesi. Nimewaona wenye vipaji wakiishia hapo. Kisha kuna kugeuka ukutani na kuruka mwanzoni, ambavyo baharini havipo kabisa, na bila kocha hutavipata. Hapo itabidi boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, na nauli. Weka akiba kuanzia msimu huu wa wageni.

Mita 100 ukizimaliza chini ya dakika 1 na sekunde 10 mwaka wa kwanza, waambie wa gatini nimesema wanyamaze.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Malindi, mama wa watoto watatu, miaka 38. Nimejifunza kuogelea mwaka huu na nimenogewa. Je, kuna mashindano ya watu kama mimi, au nitakuwa kichekesho? — Mama Watatu

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Yapo, tena ya dunia. Yanaitwa Masters, kuanzia miaka 25, na watu hupangwa kwa rika la miaka mitano mitano. Wewe uko 35 hadi 39, na ukifika 40 unakuwa mdogo kabisa katika kundi jipya. Ndiyo mashindano pekee ambayo watu hufurahia siku ya kuzaliwa! Mieko Nagaoka wa Japani alianza kuogelea akiwa na miaka themanini na kitu, kwa ajili ya goti lake. Mwaka 2015, akiwa na miaka 100, aliogelea mita 1500, na kabla yake hakuna mwenye umri huo aliyewahi kuzimaliza. Atakayekucheka mwonyeshe huyo bibi.

SWALI: Bahari ya Malindi inafaa mazoezi wakati gani? — Kijana wa Maweni

JIBU: Kaskazi, bahari ikitulia, Desemba hadi Machi. Kusi ikivuma kaa ndani ya mwamba, maji yakiwa yamejaa, wala usiende peke yako. Mvua zikinyesha sana bara, mto Sabaki hushusha tope na ghuba inakuwa ya kahawia. Siku hizo ogelea kwingine, huoni chini na mwenye boti hakuoni. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hukimbiza mkondo; maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ni salama zaidi kwa anayeanza. Vaa fulana ya mikono mirefu kwa ajili ya konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, na ufunge dumu tupu la rangi kali kiunoni kwa kamba ya mita moja hivi.