Aiskrimu ya Grape-Nut haina zabibu

Uliyeuliza kama aiskrimu ya Grape-Nut ina zabibu: haina, wala haina karanga, ingawa jina hilo la Kiingereza lina maana ya zabibu na karanga. Grape-Nuts ni nafaka ya kifungua kinywa, chembe ngumu za ngano na shayiri, ambayo mfanyabiashara C. W. Post alianza kuiuza huko Michigan, Marekani, mwaka 1897. Watu wa Nova Scotia, Kanada, husimulia kwamba Hannah Young, mpishi wa mji wa Wolfville, aliishiwa matunda mwaka 1919 akatia nafaka hiyo kwenye aiskrimu. Mpaka leo aiskrimu hiyo inapendwa Nova Scotia, pia New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani) na hata Jamaika. Utamu wake ni zile chembe: zinanyonya maziwa, zinalainika bila kupondeka, na ladha ya kimea inabaki mdomoni. Ukiitengeneza nyumbani, iache ilale kwenye friza usiku mmoja.