Besi ikigonga taa zinafifia: ninunue kapasita?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Noah, nimefunga amplifaya ya wati 1,000 na sabufa mbili. Usiku nikiwa kwenye foleni Mwanjelwa, kila besi ikigonga taa za mbele zinafifia. Asubuhi nyingine nakuta betri imelala. Dukani wanasema ninunue kapasita ya faradi 1. Itasaidia? – Msomaji, Uyole, Mbeya

Jibu: Marahaba. Hiyo hela iache mfukoni kwanza. Kapasita haizalishi umeme, inauhifadhi kidogo tu na kuutoa haraka. Volti zikishuka kutoka 14.4 hadi 12, ya faradi 1 inatoa jouli 32 hivi, na amplifaya yako ikifunguliwa mpaka mwisho inazimaliza hata hujapepesa jicho.

Kama hizo wati 1,000 ni za kweli, yaani RMS (inazoweza kutoa mfululizo), si za kupamba boksi, basi amplifaya ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, itavuta kama wati 1,250, maana sehemu inapotea kwa joto. Gawa kwa volti 13.8, unapata ampea 90. Muziki haugongi mfululizo, kwa hiyo wastani uko chini ya hapo. Lakini alternata, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, hiyohiyo inalisha taa, feni na injini, na gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) haifikii ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko chake. Ukipanda Mlima Nyoka na gia nzito, injini ikizunguka kwa kasi, nadhani taa hazikusumbui sana.

Chukua mita. Injini ikiwaka na besi ikigonga, pima kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye amplifaya. Betri ikibaki 13.8 na amplifaya ikasoma 12.8, mwizi ni waya wa kwenda nyuma. Mita 5 za shaba ya milimita za mraba 10 zinapoteza karibu volti 0.8 kwa ampea 90. Ya 35 inapoteza robo volti tu. Ukwangue kwa wembe kabla hujalipa: ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Fyuzi isivuke sentimita 45 kutoka kwenye betri.

Ila kwa kuwa taa zinafifia, nahisi betri yenyewe inashuka. Weka waya mnene zaidi kutoka alternata kwenda betri, hasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Ikigoma, ndipo utafute alternata kubwa.

Betri kulala ni kesi nyingine, na baridi ya Julai huko inaizidisha tu. Angalia waya mwembamba wa kuwashia amplifaya. Mara nyingi umeungwa moja kwa moja kwenye chanya, hivyo amplifaya hailali. Uhamishie kwenye waya wa redio wa bluu wenye mstari mweupe.