Vani kuukuu ya mizigo au gari la saluni la kifahari: jibu la mtu aliyekaa na zote mbili

Ndugu uliyeuliza kama ni busara kuuza vani yako ya mwaka 1999, uongeze fedha kidogo, kisha ununue saluni ya kifahari ya mwaka 2016, nakujibu kwa sababu nimekaa na magari ya namna hiyo mawili kwa wakati mmoja kwa miaka sita. Vani yangu ni Toyota HiAce ya kile kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 1989, yenye injini ya dizeli ya 3L, yaani lita 2.8, isiyo na turbo, yaani kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi. Saluni sitaitaja jina, kwa kuwa nitakayoyasema yanahusu magari mengi ya daraja lake.

Walionitangulia kukujibu wamelinganisha starehe na ulaji wa mafuta, na sina ubishi nao. Kwangu mimi jambo zito zaidi ni namna kila gari linavyoharibika.

Vani huharibika huku ikikupa taarifa. Pampu yake ya dizeli haiamriwi na kompyuta, springi za nyuma ni majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na breki ya mkono ni waya tu. Bushi ya springi, yaani mpira wa kiungo chake, ilipoanza kuliwa, nilisikia mlio mdogo wa kugonga kila nilipovuka tuta gari likiwa tupu, na nikipakia mzigo sauti ilipotea. Niliendelea na kazi wiki tatu nzima kabla fundi hajaibadilisha, tena kwa spana na nyundo. Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo unainua kiti na kuona mwenyewe dizeli inavuja wapi. Kitu kimoja tu hakina huruma, nacho ni mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, ambao unaweza kukatika bila kutoa sauti yoyote, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kama hujui wako ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa, hata kama unaiuza vani.

Saluni ilinifundisha somo jingine. Jioni niliiegesha baada ya safari ya kilomita 200 bila dalili yoyote. Asubuhi nikaikuta imepiga goti upande wa kushoto mbele, tairi limemezwa na bodi. Gari hilo hukalia springi za hewa, yaani mifuko ya mpira iliyojazwa hewa badala ya chuma. Fundi alipaka maji ya sabuni kwenye mpira wa springi, na mapovu yakachomoza kwenye mkunjo, mahali padogo kuliko punje ya mchele. Kumbe kompresa, yaani pampu ya hewa ya gari, ilikuwa ikijaza hewa iliyovuja kwa muda mrefu, kimyakimya, mpaka nayo ikaungua. Nikalipia vitu viwili badala ya kimoja. Hata kubadilisha pedi za breki za nyuma kulihitaji mashine ya kuunganishwa na kompyuta ya gari, kwa kuwa breki ya kuegeshea huendeshwa na mota. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia: gari la kifahari hushuka bei kwa kasi, lakini vipuri vyake havishuki pamoja nalo, na unajikuta umenunua gari kwa bei ya gari la kawaida huku ukilitunza kwa gharama za tajiri aliyelinunua jipya.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo sijaona likitajwa, nalo linanigusa sana. Katika HiAce hiyo dereva hukaa juu ya ekseli ya mbele, na kati ya magoti yake na bampa hakuna nafasi ya kutosha ya chuma kujikunja ili kupokea kishindo. Siku moja ya mvua nilifunga breki ghafla vani ikiwa tupu, nayo ikatupa mkia hadi nikaiona njia kupitia dirisha la ubavuni. Saluni ina mfumo wa kudhibiti mtelezo, ambao Umoja wa Ulaya umeulazimisha kwa magari mapya yote tangu mwaka 2014, na katika hali kama hiyo ilisimama imenyooka. Tangu siku ile sijawapakia watoto wangu kwenye vani kwa safari ndefu.

Kwa hiyo, kama vani ndiyo inayokulisha, usiiuze. Kama haja yako ni kusafirisha familia, nunua saluni, ila fedha za matengenezo uzitenge kabla hujalipa, si baada ya kulipa. Na kama ina springi za hewa, omba ilale mahali palipo sawasawa. Jioni pima kwa futi kamba kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi, kisha asubuhi pima tena kabla mtu hajafungua mlango, kwa maana mlango ukifunguliwa mfumo unaweza kuamka na kujiinua. Kona moja ikiwa imeshuka kuliko nyingine, dai muuzaji apunguze kwenye bei gharama ya springi na ya kompresa pia, na akikataa, liache gari lake hapo hapo.