Programu inakawia kwa kufungua muunganisho mpya kila mara

Ndugu wa Goma, nimekuelewa: programu yako ya Python inasoma bei za bidhaa mia kadhaa, moja moja, kwenye seva iliyo Ufaransa, inakawia sana, na unalaumu intaneti ya mtaani. Mimi naona shida ni requests.get (amri ya requests, maktaba ya Python ya kutuma maombi kwa seva) ndani ya kitanzi, yaani sehemu ya programu inayojirudia. Kila ombi linafungua muunganisho mpya: safari moja ya kwenda na kurudi kwa TCP (kanuni za kuunganisha kompyuta mbili), nyingine kwa TLS 1.3, kanuni za kuficha mazungumzo yasisomwe na wengine (mbili kama ni toleo la zamani, TLS 1.2), ndipo ombi lenyewe linatoka. Toka kwetu huku Kivu hadi Ulaya, safari hizo ndizo zinazokula muda wako. Ni kama kupiga hodi na kujitambulisha upya kwa kila neno.

Tengeneza requests.Session() moja nje ya kitanzi, uite s = requests.Session(), kisha ndani tumia s.get. Hiyo tu. Session hutumia tena muunganisho uleule, kwa sababu HTTP/1.1 (kanuni za maombi ya wavuti) huuacha wazi, isipokuwa upande mmoja uombe kuufunga.

Weka timeout=10 (kikomo cha kusubiri, kwa sekunde) kila mara, maana requests haina kikomo chake, na mtandao ukikatika programu inaweza kuganda. Seva nayo hufunga muunganisho uliokaa kimya, na ombi linaweza kushindwa. Ombi la kusoma lirudie bila woga. La malipo, tafadhali, usilirudie ovyo, mteja anaweza kukatwa pesa mara mbili. Hapo muulize kwanza fundi wa mfumo wa malipo namna ya kuzuia marudio.

Pima muda kabla na baada. Usipobadilika, basi huenda seva yenyewe ndiyo nzito.