Barua kwa mwanangu: Brigedia Mbita alipigana vita gani?

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma jana usiku nikaona hii siyo ya kujibu kwa vimaneno viwili vya WhatsApp. Unasema mlikuwa kazini hapo Johannesburg, stori ikawa ya wageni kama kawaida yao, mmoja akauliza hivi Tanzania imewahi kutufanyia nini sisi, wewe ukakumbuka lile jina nililokuwa nalitaja sebuleni, Brigedia Hashim Mbita, ukalitoa, wakakuuliza haya huyo brigedia alipigana vita gani, ukakwama. Sasa ngoja nikujibu na usome mpaka mwisho, usiruke.

Jina la Mbita halikukua kwa bunduki. Vita yake ilikuwa ya mafaili, hela, malori na kusuluhisha watu waliokuwa wanagombana huku adui yao ni mmoja. Ndo maana ukimtafuta kwenye stori za mapigano humuoni, na ndo maana hao wenzako hawamjui.

Kwao Tabora, alizaliwa 1933. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa habari, akafika mpaka kuwa mwandishi wa habari wa Mwalimu Nyerere Ikulu. Jeshini aliingia akiwa mtu mzima kabisa, mwishoni mwa miaka ya 60, akapigwa kozi ya uofisa Mgulani na kwata zote. Akapitia TANU kama Katibu Mtendaji, alafu mwanzoni mwa miaka ya 70 akapewa ukatibu mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hapo akakaa mpaka 1994. Alianza akiwa meja, baadaye tukamzoea kama Kanali Mbita, uzee ukamkuta brigedia jenerali, kazi ni ileile.

Hiyo kamati nayo nikueleze maana kizazi chenu mnaisikia tu. Mwaka 1963 nchi huru za Afrika zilikutana Addis Ababa zikaunda OAU, zikakubaliana kuwe na chombo cha kusaidia nchi ambazo bado ziko chini ya Mreno, Mwingereza na makaburu. Makao yakawekwa Dar es Salaam. Kila nchi ichangie mfuko. Kuahidi wakaahidi wote, kulipa ndo ikawa shughuli, kila kikao kuna nchi zinadaiwa, na katibu ndo wa kuzunguka Afrika nzima anabembeleza marais watoe walichosema wenyewe kwa midomo yao.

Hela ikipatikana sasa ndo kasheshe linaanza. Zimbabwe kuna ZANU na ZAPU, Angola vyama vitatu, hapo kwenu kuna ANC na PAC, kila mmoja anasema yeye ndo chama halisi cha wananchi na yule mwingine ni kibaraka. Fikiria una wageni nyumbani, wamenuniana, kila mmoja ana bunduki na wote wanakudai wewe mwenye nyumba. Ukimpa huyu mzigo wiki hii, yule anakwenda kulalamika kwa Mwalimu, au kwa Rais Kaunda wa Zambia, Lusaka. Mwaka 1975 vijana wa ZANU waliokuwa kambini Mgagao, kule Iringa, waliandika waraka wakakataa baadhi ya viongozi wao wenyewe, yaani wapiganaji wamegoma na viongozi wengine wako jela Zambia. Mambo kama hayo hayaishi kwa amri ya jeshi. Yanataka mtu anayejua kukaa kitako akasikiliza masaa, na mimi nadhani ile kazi ya uandishi wa habari ndo ilimsaidia hapo kuliko kwata za Mgulani.

Silaha zenyewe zilikuwa zinakuja kwa meli kutoka Urusi, China na kwingineko, zinashushwa bandarini Dar, JWTZ wanapokea, wanatunza, alafu zinakwenda zilikopangiwa, za Frelimo, wale wapigania uhuru wa Msumbiji, kambini Nachingwea, za wengine kambini Kongwa au Zambia huko. Raia tuliona malori tu yamefunikwa turubai. Hatukuuliza. Ilikuwa inajulikana kwamba hiyo siyo ya kuuliza, na sababu ilikuwepo, maana tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane wa Frelimo aliuawa hapohapo Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Mbita hakuwa ameshika ile ofisi bado, lakini aliyekuja kuikalia baada ya hapo alijua kabisa bahasha ya asubuhi inaweza kuwa nini.

Sasa nije kwako wewe. Hivi unakumbuka ulisoma wapi? Chuoni Mazimbu, hapa Morogoro! Miaka yote ile unalalamika hosteli zina joto, ulikuwa unalala kwenye majengo ya ANC. Lile lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa, baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976 wakaanza kukimbia nchi kwa mafungu, serikali yetu ikawapa ANC lile shamba mwaka 1977, wakajenga shule wakaiita Solomon Mahlangu, yule kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Walikuwa na shule, hospitali, chekechea, karakana ya fanicha, baadaye wakaongezewa Dakawa.

Sisi vijana wa Morogoro tulikuwa tunawaona Jumamosi wakishuka mjini na gari la shule, wamevaa nguo za msaada kutoka Ulaya, makoti mazito kabisa kwenye jua hili la Moro, wanapita sokoni wanauliza "shilingi ngapi" kwa lafudhi yao, wauza nyanya wanawaongezea fungu bila kuambiwa. Wakiimba, wanaimba kwa sauti nne bila kipaza sauti na watu wanaacha biashara. Wengi walikuwa na majina ya kificho. Unaweza kucheza mpira na mtu mwaka mzima, siku hayupo, ukiuliza unaambiwa amesafiri. Wengine hawakusafiri popote, wako pale makaburini Mazimbu. Najua ulikuwa unapita karibu ukiwahi lekcha, sijui kama uliwahi kuingia ukasoma miaka yao. Ni watoto wale.

Kitu kinachonifanya nimpende mzee Mbita ni kwamba kazi yake ikifanikiwa, ofisi inafungwa. Niambie wewe unayefanya kazi kwenye mashirika, umeona wapi bosi anayekimbizana miaka kama ishirini ili cheo chake kife? Msumbiji wakajitawala 25 Juni 1975, Angola Novemba mwaka huohuo, Zimbabwe 18 Aprili 1980, Namibia 21 Machi 1990, kila bendera ikipanda mgeni mmoja anafungasha anarudi kwao na mafaili yake yanapungua, mwisho wakabaki watu wa huko uliko, wakapiga kura zao Aprili 1994, na mwaka huohuo kamati ikavunjwa, kwisha habari. Hakuna aliyetafuta kisingizio cha kuiongezea muda. Siku hizi hata kamati ya harusi haivunjwi kirahisi hivo.

Baadaye akawa balozi wetu Zimbabwe, na uzeeni akashika kitu kingine. Angeweza kuandika kitabu cha kujisifu, siri zote alikuwa nazo yeye. Badala yake SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikaanzisha mradi kwa jina lake wa kukusanya historia ya ukombozi, watafiti wakaenda nchi moja moja kuhoji wapiganaji na wanakijiji waliowaficha na kuwalisha, vikatoka vitabu 9, vikazinduliwa Agosti 2014 kwenye mkutano wa SADC, Victoria Falls. Nishani alipewa, ya Zimbabwe, ya SADC, na hapo Afrika Kusini walimpa ile ya O.R. Tambo, kwahiyo serikali yao inamjua vizuri tu hata kama jirani yako wa kwenye dawati hamjui.

Alifariki tarehe 26 Aprili 2015, Lugalo, hospitali ya jeshi. Sikukuu ya Muungano, watu wako mapumzikoni, taarifa ikapita kwenye redio na wengi naona iliwapita. Mimi nilizima redio nikamwambia mama yako huyu mzee amekwenda na mengi.

Kuhusu huyo mwenzako, usimgombeze wala usimhesabie tulichotoa, hatukuwakopesha. We muulize tu taratibu kama kwao hakuna mjomba au shangazi aliyepotea miaka ya 70 au 80 akarudi anajua Kiswahili. Wako wengi mno. Akipiga simu nyumbani kuuliza atapata jibu zuri kuliko langu na lako.

Alafu fanya hivi, hivyo vitabu 9 huku kuvipata ni mtihani na bei yake usiseme, ila maktaba za vyuo hapo Johannesburg sidhani kama vitakosekana. Kitafute cha Tanzania, angalia mahojiano ya watu wa Morogoro na Kongwa, nipigie picha kurasa unitumie hata kama ni nyingi, bando nitaweka. Kuna watu humo nadhani nawajua.

Mama yako anakusalimu, anasema koti la baridi ununue mapema.

Baba yako