Pima Mtutu Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Bunduki za Kizee za Ulaya

Leo ni maswali ya kujaza risasi upya nyumbani kwa bunduki za kale. Kabla sijajibu, tuelewane kwenye maneno, maana Kiswahili chetu kimelipa neno "risasi" kazi tatu: yale madini laini, kile kipande kinachoruka, na kitu kizima unachokisukuma chemba, yaani chumba kilicho nyuma ya mtutu. Hapa nitasema ganda (kikombe cha shaba), fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda), baruti na kichwa (kile kinachoruka). Vinne hivyo vikikusanyika, ndiyo risasi.

*Shikamoo fundi. Nimenunua Mauser (bunduki ya Kijerumani) iliyotengenezwa mjini Suhl, Ujerumani, kabla ya vita ya pili. Muuzaji kaniambia ni "8 mm tu". Vichwa vya gramu 12.7 ninavyo tayari. Nianze na baruti kiasi gani? (Mwindaji, Bayern)*

Marahaba. Usianze na kiasi chochote. Rudisha baruti kabatini, kwa sababu hilo neno "tu" la muuzaji wako limeshapasua mitutu ya watu.

Mwaka 1888 jeshi la Ujerumani lilipokea risasi ya 8x57 (8 ni kaliba, yaani upana wa mtutu kwa milimita, 57 ni urefu wa ganda) yenye kichwa kizito cha mviringo, kipenyo chake karibu milimita 8.08. Mwaka 1905 wakabadili: kichwa chepesi chenye ncha kali, na kipenyo kikapanda hadi karibu 8.22. Ganda lenyewe karibu halikuguswa. Ile ya kwanza leo inaitwa 8x57 I, ya pili 8x57 IS, S ikiwa ni ya neno la Kijerumani la ncha kali. (Ukiona J mahali pa I usibabaike, ni maandishi ya kale ya Kijerumani yaliyowachanganya watu. I ni ya Infanterie, askari wa miguu.) Jeshi lilihama, mafundi wa bunduki za kuwinda hawakuhama wote. Waliendelea kutoa mitutu ya kipimo cha zamani hadi miaka ya 1930, na Suhl ilikuwa na mafundi tele.

Tofauti yake haifiki hata milimita 0.15. Lakini risasi ya IS mara nyingi inaingia bila kinyongo kwenye chemba ya I, boliti (komeo la nyuma ya chemba) inafunga, unavuta, na kichwa kinene kinalazimishwa kwenye tundu jembamba. Gesi inatafuta pa kutokea, na nyuma ya boliti ndipo lilipo jicho lako. Viwanda vya Marekani hadi leo vinajaza risasi za "8 mm Mauser" kwa upole kuliko vya Ulaya kwa sababu ya hofu hiyohiyo, na hata upole huo si ruhusa ya kuzipiga kwenye mtutu wa I.

Sasa pima. Toa boliti, paka mtutu mafuta mepesi, chukua kipande cha risasi laini (hapa namaanisha madini) kilicho kinene kidogo kuliko tundu, ukisukume taratibu kwa ufito wa shaba kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikitoka kitakuwa na matuta yaliyochorwa na mifereji ya mtutu, ile mikato iliyojikunja ndani inayokizungusha kichwa. Pima kwa maikromita kutoka tuta hadi tuta linalolitazama. Hicho ndicho kipimo chako. Usitosheke na namba iliyogongwa chini ya mtutu na kituo cha ukaguzi. Kwa bunduki za enzi hizo, namba kama 7,8 au 7,9 ni upana wa tundu kabla ya mifereji, na wengi wameisoma vibaya.

Mimi nilijifunza kwa bahati. Miaka kadhaa nyuma nilinunua bunduki kama yako, muuzaji ameapa kwa mama yake kuwa ni IS, na nilikuwa nimejaza risasi ishirini. Mvua ikaharibu safari ya siku ile, nikakaa ndani, nikapima kwa kukosa kazi. 8.07. Zile ishirini nilizifungua moja moja, na sijawahi kujaza tena bila kupima.

Ukipata 8.22 au karibu yake, fungua kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako, chukua kiwango cha juu alichokichapa, shuka asilimia 10, kisha panda kidogo kidogo ukitazama dalili za shinikizo kubwa kwenye fataki na boliti. Ukipata 8.08, hivyo vichwa ulivyonunua, kama ni vya 8.22, mpe rafiki mwenye bunduki ya IS. Vya 8.08 vinatengenezwa bado, ila utavitafuta.

Kingine: Ujerumani huruhusiwi hata kununua kopo la baruti bila kibali cha kifungu cha 27 cha sheria ya vilipuzi. Kuna kozi, kuna mtihani, na kibali kinadumu miaka mitano. Kama bado, nenda kozi.

*Nimepata maganda ya zamani mia moja bure. Sindano ya kutolea fataki imevunjika mara mbili. Nakosea wapi? (Minnesota)*

Hujakosea, umepewa maganda ya Berdan. Mulika ndani kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati, hilo ni ganda la Boxer, na sindano yako inapita hapo. Ukiona vitundu viwili pembeni na kinundu katikati, ni Berdan, na sindano inagonga shaba ngumu.

Kuna kichekesho hapo. Hiram Berdan alikuwa Mmarekani, Edward Boxer alikuwa afisa wa Kiingereza, na wote wawili walikuja na fataki zao miaka ya 1860. Marekani ikachukua ya Mwingereza, bara la Ulaya likachukua ya Mmarekani.

Njia ya kuzitoa ipo: jaza ganda maji, ingiza kijiti kinachobana shingoni, gonga kwa nyundo, maji yanasukuma fataki kutoka nje. Utalowa. Halafu utahitaji fataki mpya za Berdan za saizi ileile, na saizi zake ni nyingi. Pia kama risasi hizo zilikuwa za jeshi la zamani, fataki zake huacha chumvi inayovuta unyevu na kula chuma, hivyo aliyezipiga bila kuosha mtutu kwa maji ya moto alipata kutu. Ushauri wangu? Vya bure vimekugharimu sindano mbili. Nunua maganda mapya ya Boxer.

*Nina Mannlicher-Schoenauer ya 1903, kaliba 6.5x54. Kwa vichwa vyepesi vyenye ncha inakwama kwenye magazini na haipigi vizuri. Imechakaa? (Gothenburg)*

Kaka, hiyo bunduki imechukia chakula tu. Magazini yake si sanduku la kawaida, ni gurudumu linalozunguka, na kila risasi ina kitanda chake. Vitanda vile vilichongwa kwa risasi ya urefu mmoja: yenye kichwa kirefu cha mviringo cha gramu 10.3 hivi. Ukiweka kifupi chenye ncha, risasi inacheza mbele na nyuma, ncha inagonga pasipopaswa.

Na mtutu nao ni vilevile. Mifereji yake imejikunja haraka ili kukizungusha kichwa kirefu, na kati ya chemba na mwanzo wa mifereji kuna nafasi kubwa. Kichwa kifupi kinaruka hewani kabla hakijashikwa na mifereji, na kinaweza kuingia upande. Rudi kwenye gramu 10.3 za mviringo, jaza kwa urefu uleule wa risasi ya kiwandani, na uone gurudumu litakavyozunguka kama saa. Ila hapa pia pima mtutu kabla hujanunua vichwa. Mitutu ya Mannlicher hii haifanani yote.

Kama unadhani kichwa cha mviringo ni cha kizamani mno kwa nguruwe mwitu, kumbuka W.D.M. Bell, yule Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya kuwinda tembo Karamoja, Uganda ya leo. Alitumia kaliba hii na 7x57, na vichwa virefu vizito. Siwasifii waliomaliza tembo wetu. Ninachosema ni kwamba kichwa kirefu kinapenya.

*Kitabu changu ni cha Kijerumani, mizani ni ya Kimarekani. "gr" ni gramu? (Toronto)*

Hapana! "g" ni gramu, "gr" ni greni, na gramu moja ni greni 15.43. Kichwa cha gramu 12.7 ni greni 196, cha gramu 18.5 ni greni 285 na ushei. Pia Mjerumani huandika 3,25 kwa mkato pale unapozoea nukta. Usitumie mizani ya jikoni wala ya sonara inayosoma sehemu moja ya kumi ya gramu tu: hatua moja ya mizani hiyo ni greni moja na nusu, na karibu na kiwango cha juu greni moja na nusu ni nyingi mno. Chagua kitabu kimoja, kipimo kimoja, na kopo moja tu la baruti mezani.

*Maganda yangu ya 8x57 IRS yanatoa mstari unaong'aa karibu na kitako baada ya kujazwa mara tatu au nne. Moja limekatika, nusu likabaki chemba. Baruti nyingi? (Linz)*

Sidhani. R ni ya ukingo: ganda lako lina ukingo uliotokeza kwenye kitako, na bunduki ya kukunja (inayofunguka katikati ili kujazwa) hulishikilia hapo. Mabega ya ganda yanaweza kuwa na nafasi mbele yake bila wewe kujua. Ukipiga, ganda linajaa hadi kugusa chemba. Ukirudi nyumbani unalibana kwenye kalibu (kifaa cha kurudisha ganda kwenye kipimo chake), mabega yanarudishwa nyuma. Ukipiga tena, yanasukumwa mbele tena. Shaba inavutwa kama chapati, na inakuwa nyembamba palepale juu ya kitako. Mstari unaong'aa ndiyo taarifa ya mwisho kabla ya kukatika.

Chukua waya mwembamba, kunja ncha yake kama ndoano ndogo, inoe, uiburute ndani ya ganda kutoka kitako kwenda juu. Ukihisi bonde, ganda hilo ni taka, hata kama kwa nje linapendeza. Kisha inua kalibu yako: libane ganda kiasi cha kuingia chemba kwa ulaini, basi. Ganda lililopigwa chemba yako linaijua chemba yako, kwa nini ulisahaulishe? Likiendelea kukatika, mpelekee fundi apime nafasi kati ya kitako na ufungo wa bunduki. Na usipandishe nguvu. Bunduki za kukunja hazina mkono wa kung'oa ganda lililoganda kama boliti ya Mauser.

*9.3x62 ya babu inapiga juu ya shabaha kwa risasi mpya, na vilengeo vyake vya chuma havishuki zaidi. (Espoo)*

Otto Bock, fundi wa Berlin, aliitoa kaliba hii mwaka 1905 ili iingie kwenye Mauser ya kawaida, na wakulima na wawindaji wa makoloni ya Afrika waliipenda kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko bunduki kubwa za Kiingereza. Enzi hizo kichwa cha gramu 18.5 kilitoka kwa mita 655 hivi kwa sekunde. Za leo zinapita 700. Vilengeo vya babu vilipangwa kwa ile ya polepole. Jaza kichwa hichohicho kwa mwendo wa zamani, ukipima kwa kifaa cha kasi. Bega lako nalo litashukuru.

*Mwanangu, marehemu mume wangu kaacha bunduki ya Kijerumani na kopo la risasi zenye ukungu wa kijani. Kijana wangu anasema atazifungua na kuzijaza upya. (Moshi)*

Shikamoo mama, na pole sana kwa msiba. Kijana asifungue hata moja. Ukungu wa kijani ni shaba inayolika, na ndani baruti na fataki za miaka mingi hazitabiriki. Zaidi ya hapo, Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, hata kama ni mbili za kujaribia. Leseni ya marehemu ilikuwa ya marehemu. Hairithiwi pamoja na bunduki. Nenda kituo cha polisi wewe mwenyewe, na cheti cha kifo na leseni yake, uwaeleze kilichopo nyumbani. Usibebe bunduki kwenye daladala kuipeleka, waulize kwanza wanataka ifikeje. Familia ikitaka kuibakiza, watakueleza namna ya mmoja wenu kuomba leseni kwa jina lake.

Kopo nalo libaki lilipo, pakavu, mbali na jiko na wajukuu, hadi watakapokuja kulichukua.